Chakula Hajala, Kitu Amekula

"Gazeti la heshima halijadili kinyesi wakati wasomaji wake wanakunywa chai." Hayo ni maneno ya Mzee Javan wa Magunga, mwalimu mkuu mstaafu, ambaye huniandikia kila ninapotaja sehemu yoyote ya mwili iliyo chini ya kitovu. Barua yake nimeisoma nikinywa chai, na chai ilishuka vizuri tu.

Mzee Javan anadhani heshima ni kunyamaza. Mimi nimesoma historia ya wafalme wa Ulaya, watu wa dhahabu na hariri, na nakuhakikishia walikuwa na watumishi wa cheo kikubwa ambao kazi yao ilikuwa kuwahudumia chooni, na mfalme alipougua, madaktari waliinama kukichunguza kilichotoka kwa makini kuliko sisi tunavyosoma matokeo ya uchaguzi. Hawakuona aibu. Aibu tunaona sisi, hapa Homa Bay na Migori, ambako mtoto anaweza kukonda msimu mzima mbele ya watu wazima waliovaa tai kwa sababu hakuna aliye tayari kuangalia ndani ya shimo.

Basi leo nachapisha barua ya mama mmoja wa Sindo, na sijapunguza hata neno moja la chooni. Mzee Javan aweke kikombe chini.

*

Mpendwa Mshauri,

Naomba unisaidie kabla sijamuua shangazi yangu, ambaye yuko mzima kabisa kule Migori na hajui kwamba wiki hii nataka kumtangaza marehemu, na ukinisikiliza mpaka mwisho utajua ni kwa nini.

Mimi ni Robi, nimezaliwa Migori upande wa Ukuria, nimeolewa hapa Sindo na Clifford, fundi wa injini za boti, na tuna mtoto mmoja, Elvis, wa miaka mitano, ambaye tangu mvua zilizopita anahara, anapata nafuu, anahara tena, tumbo linamkata anajikunja kama jongoo, na mara nyingine naona damu kwenye choo chake, na amekonda mpaka suruali yake ya Krismasi inamshuka akikimbia, na majirani walisema ni minyoo tukampa dawa ya minyoo, wengine wakasema ni chira, ile laana ya kuvunja mwiko, eti kwa sababu tulihamia nyumba yetu kabla ya kaka mkubwa kujenga yake, na huyo kaka mkubwa mwenyewe, shemeji yangu Omanga, akasema si chira ni soda, mpaka tukafika kwa daktari wa watoto katika hospitali kubwa ambayo sitaitaja, akasema anashuku ugonjwa wa utumbo, na kwamba hawezi kumpa mtoto mdogo dawa kali kwa kubahatisha, lazima apitishiwe kamera ndogo imwangalie ndani na vichukuliwe vipande vidogo vya kupima.

Hapo kwa kamera ndipo mambo yalipoanza kuharibika, kwa sababu Clifford, badala ya kumweleza mtoto, alimwambia, "Baba, tunaenda kukupiga picha ya tumbo, halafu nakununulia soda," na Elvis akaanza kufanya mazoezi, anajitazama kwenye dirisha, anainua shati, anauliza, "Mama, tumbo nalo linachekaje?" na siku ya kwenda alikataa kuvaa kitu kingine isipokuwa ile suti ya Krismasi, tukaifunga kiunoni kwa kamba.

Lakini si hilo lililotushinda. Lililotushinda ni sista, muuguzi wa pale, yaani hakufanya kosa, alitueleza vizuri na kwa upole, "Kesho mtoto asile chakula, anywe vitu vya maji tu, na mpeni hii dawa ya kumsafisha tumbo," nami kwa kuwa ninauza mitumba na ilikuwa siku ya soko nikamwacha Elvis kwa mama mkwe wangu, Mama Rael, nikamwambia hivyohivyo, "Mama, daktari amesema Elvis asile chakula," akanijibu, "Nimesikia," na Mama Rael akisema amesikia, amesikia, kanisani kwao ndiye anayetunza funguo.

Niliporudi alinipokea mlangoni akiwa na machozi. Alisema, "Hajala. Ameniomba ugali mpaka nikalia, lakini nimekaza roho. Hajala." Nikamshukuru sana, Mshauri, nikamshika mikono.

Kesho yake tukafika hospitali, Mama Rael akiwa na kilemba chake kipya kwa kuwa na yeye alisikia kuna picha. Daktari, kijana wa kutoka Pwani, akauliza kama mtoto amekula. Mama mkwe akajibu kabla yangu, "Hajala tangu jana." Daktari akasema, "Hongera, mna nidhamu," kisha akainama kwa Elvis akamuuliza, "Shujaa, tumbo liko tupu?"

"Liko tupu," Elvis akasema. "Nimekula nyoyo tu."

Nyoyo ni yale mahindi yetu ya kuchemsha na maharagwe. Daktari hakulijua neno, sista akamtafsiria huku akiangalia dari.

"Nyoyo tu?"

"Na kiazi kitamu. Na samaki, lakini ilikuwa mkia."

Daktari akasimama wima akamgeukia mama mkwe. "Mama, si umeniambia hajala?"

"Hajala."

"Anasema amekula nyoyo."

"Nyoyo amekula."

"Na kiazi."

"Kidogo. Alikuwa anahara, nikaona nilishike tumbo."

"Sasa hapo si amekula, Mama?"

Mama Rael akamtazama kwa huruma, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia, akasema, "Daktari, kitu amekula. Chakula hajala. Ugali haujagusa mdomo wake, uliza boma lote."

Daktari akasema, "Nikipitisha kamera hapo sitaona ugonjwa, nitaona shamba," akaturudisha nyumbani na tarehe nyingine, na njiani Elvis alitaka kujua picha zake zitakuwa tayari lini.

Sasa tarehe yenyewe ni wiki ijayo na nyumba imechafuka. Mama Rael anasema nimemwacha aitwe mwongo na mtoto mwenye mpira shingoni, yaani yule daktari, na mimi hazungumzi nami, anazungumza na kuku, anasema, "Wewe kuku, mwambie mwenye jiko kwamba chumvi imeisha," na kuku akiondoka mimi ndiye ninayekwenda kununua chumvi. Nami nimeamua siku ya maandalizi nimchukue Elvis nimpeleke kwa mama yangu Migori, na kwa kuwa siwezi kumwondoa mjukuu hapa bila sababu, nitasema shangazi yangu amefariki. Clifford anasema, "Ua nani unataka, mradi ni wa upande wenu," halafu anatoka kwenda kwa injini zake.

Na Elvis naye ameharibika. Binti ya Omanga, Liz, wa darasa la nne, amemwambia kamera inapoingilia. Mtoto hajui kamera nyingine isipokuwa ile ya mpiga picha wa sokoni, yenye miguu mitatu na mwavuli, na tangu siku hiyo mtu akitoa simu mfukoni Elvis anashika makalio kwa mikono miwili anakimbilia mgombani. Juzi mchungaji alikuja kutuombea, akatoa simu asome mstari, ibada ikamalizika tukimtafuta mtoto.

Naogopa, Mshauri. Tunacheka lakini usiku nikimwogesha nahesabu mbavu zake. Nikikosa tena sijui tarehe nyingine itakuwa lini. Niambie, je, nimdanganye mama mkwe au nifanye nini, na Elvis nimwambie nini, na uji ni chakula au ni maji, maana Omanga na Clifford wamebishana juu ya hilo mpaka wamenuniana.

Wako,
Mama Elvis, Sindo

*

Mama Elvis,

Pole. Nakupa pole moja, nzito, kwa zile mbavu, kisha nakunja mikono ya shati.

Kwanza, mwache shangazi yako aishi. Umefikiria utakachokianzisha? Umeolewa Ujaluoni, si mjini ambako watu hutuma ujumbe wa rambirambi wakaendelea kuangalia mpira. Ukimwambia Mama Rael kwamba shangazi amekufa, hatabaki Sindo akizungumza na kuku. Ataita akina mama wa kanisa, watachangishana sukari na unga, watavaa vitambaa, na watafika Migori kwa mama yako wakiwa wameanza kulia tangu barabara kuu. Na nani atawafungulia mlango akiwa na sufuria mkononi? Marehemu. Utaanza kuyaeleza hayo huku mtoto ana dawa ya kuharisha tumboni na choo kimejaa waombolezaji. Achana na mpango huo leo.

Pili, na hili lisome ukiwa umekaa: mama mkwe wako hakudanganya. Katika hadithi yako yote hakuna aliyemtii daktari kama yeye. Aliambiwa mtoto asile chakula. Kando ya ziwa hili, kuanzia Sindo mpaka visiwani, chakula ni kuon, ugali, na vingine vyote ni vya kushikilia tumbo wakati ugali unasongwa. Mtu wa hapa hula viazi, ndizi, mahindi na samaki wawili, halafu hulala akisema hakula. Mgeni akipewa wali na nyama, kisha ugali ukakosekana, ataenda kusimulia kwao kwamba alilazwa njaa. Nawe usinitazame kwa macho ya Ukuria kana kwamba hayakuhusu. Kwenu ugali una jina jingine lakini kiti chake mezani ni kilekile, na kama ungempeleka Elvis kwa mama yako bila kusema zaidi ya neno "chakula", angerudi ameshiba vilevile, tena kwa ndizi za Migori.

Kwa hiyo Mama Rael alikaza roho, akamnyima mjukuu kitu pekee anachokiita chakula, akalia naye, kisha akasimama mbele ya watu na kilemba chake kipya, akaambiwa amedanganya. Na wewe ulikuwa umesimama hapo. Uliijua maana yake mara tu alipofungua mdomo, kwa sababu umeishi jikoni mwake, na hukusema neno. Ndiyo sababu anazungumza na kuku. Kuku hajamwaibisha.

Nenda kwake. Usiende peke yako, nenda na Clifford, na anawe kwanza mikono yake ya grisi. Clifford ndiye aanze, maana ni mama yake: "Mama, wewe hukusema uongo. Sisi ndio tuliokuambia vibaya." Mkimaliza hapo mkae kimya, mumwache aseme yote aliyomwambia kuku. Atasema mengi. Msijitetee.

Kisha mumpe kazi. Unataka kumfukuza mlinzi bora zaidi Suba Kusini nzima kwa sababu alilinda mlango uliomwonyesha? Mwonyeshe mlango mwingine. Mwambie, "Mama, safari hii tunalinda mdomo, si chakula. Kitu chochote kisipite." Halafu, na hapa ndipo ninyi nyote mlipoanguka, vitaje vitu hivyo kimoja kimoja, kwa Dholuo, lugha yake, na Clifford awepo kutafsiri: ugali hapana, nyoyo hapana, kiazi hapana, samaki hapana hata mkia, omena hapana, mandazi hapana, njugu hapana, muwa hapana, pera hapana, kuonja hapana, kulamba mwiko hapana. Ukimaliza umwombe akurudishie kwa maneno yake mwenyewe. Akisema "kidogo tu", rudia kutoka mwanzo. Si matusi hayo. Rubani wa ndege hurudia maagizo aliyopewa kabla ya kuruka, na hakuna anayedhani ametukanwa.

Mweleze na sababu, maana mtu mzima hufuata vizuri amri anayoielewa. Mtoto atalazwa kwa dawa ya usingizi. Tumbo likiwa na kitu, kinaweza kupanda na kushuka kwenye mapafu akiwa hajitambui. Hapo sicheki. Ule mkia wa samaki haukuwaharibia tarehe tu. Ungeweza kumdhuru mtoto, na mdomo wa Elvis mwenyewe ndio uliomwokoa, kwa kuwa aliulizwa naye akajibu.

Sasa uji. Mwambie Omanga na Clifford wapeane mikono, wote wawili wameshindwa, kwa kuwa uji unanyweka na bado ni chakula. Uji ni chakula kilichojificha kikombeni. Maziwa ndivyo hivyo. Maagizo kamili mtapewa na hospitali na hayo ndiyo ya kufuata, mimi si daktari, lakini kwa kawaida wanaposema vitu vya maji wanataka maji maang'avu: maji yenyewe, chai ya strungi bila tone la maziwa, glukosi, supu iliyochujwa mpaka haina hata unyuzi wa nyama. Ukiwa na shaka, mimina kwenye glasi, weka gazeti hili nyuma yake. Ukiweza kunisoma, mtoto anywe. Usipoweza kunisoma, wanywe Omanga na Clifford. Isipokuwa vinywaji vyekundu na vya zambarau, hivyo mnyimeni hata kama ninasomeka, kwa sababu ndani ya utumbo rangi hiyo hufanana na damu, na daktari atakuwa anatafuta damu ya Elvis, si ya soda. Na itafika saa ambayo hata maji yanakatazwa. Iulizeni saa hiyo hospitalini, na ikifika, ifuateni.

Siku hiyo nyumba nzima ijiheshimu. Usimkalishe mtoto mwenye njaa kando ya kikaango cha samaki ukamwambia avumilie. Kuleni kwa jirani, au mle akishalala. Omanga, ambaye nina hakika hula kwa sauti, atafutiwe shughuli Magunga mpaka kesho yake. Mama Rael akitaka kufunga pamoja na mjukuu wake, msimkataze, atampa Elvis kampuni. Lakini muulizeni kwanza kama naye afya yake inamruhusu. Na kama kufunga kwake kutakuwa kwa kuacha ugali peke yake, mimi sitamwambia mtu.

Ile dawa ya kusafisha tumbo, changanyeni kama mlivyoagizwa, si kama Omanga anavyoona. Ikipoa sana hushuka vizuri zaidi, na mrija husaidia, na mtoto akinywa kidogo kidogo bila kushikwa pua hunywa yote. Kisha ataharisha. Msishtuke na msimfunge. Mara ya kwanza Mama Rael aliona mtoto anaharisha akataka kumsaidia, huruma njema kabisa, ila dawa ilikuwa inafagia nyumba naye akaleta takataka mpya mlangoni. Mwambieni mapema kwamba kuhara ndiyo kazi yenyewe, na kazi imekwisha pale kinachotoka kinapofanana na strungi nyepesi isiyo na vipande. Kisipofika hapo, au akitapika dawa, au akilegea, au akikauka mkojo, pigeni simu hospitali, msingoje kesho. Wekeni poti ndani ya nyumba, mtoto wa miaka mitano hatafika choo cha nje na suruali inayoshuka. Mpakeni mafuta ya kujipaka huko nyuma tangu mwanzo, kabla hapajachubuka. Na mtu yeyote atakayemcheka, Liz akiwemo, apewe kazi ya kumwaga poti.

Nimebakiwa na Elvis, na kwa Elvis nina ugomvi na baba yake.

Clifford, najua unasoma, umejifanya unafungia spana gazeti hili. Mteja akikuletea injini inayokohoa, unaanza kubadilisha vyuma kwa kubahatisha, au unaifungua uangalie ndani? Hivyo ndivyo daktari anavyotaka kufanya, na ni jambo rahisi kulieleza kuliko kabureta. Lakini ulimwona mwanao hawezi kuelewa, ukamwambia anaenda kupigwa picha na kununuliwa soda. Ukampeleka amevaa suti. Sasa ukweli ameusikia kwa mtoto wa darasa la nne, nusu yake tu, na ile nusu nyingine ameijaza mwenyewe kwa miguu mitatu na mwavuli. Mimi nawe pia tungekimbilia mgombani.

Mwambieni ninyi wawili, mchana, mkiwa mmeketi chini pamoja naye. Maneno ni haya, na hayahitaji elimu: "Elvis, tumbo lako linauma na daktari anataka kuona kwa nini. Ana kamera ndogo sana, iko kwenye mwisho wa mrija laini unaopindika. Haina miguu. Haina mwavuli. Itaingia pale kinyesi kinapotokea. Wewe utakuwa umelala kwa dawa ya usingizi, hutasikia. Mama atakuwa hapo mpaka ulale, na ukiamka utamwona." Msiongeze uongo mtamu, na msimwahidi kwamba hakuna kitakachouma kabisa, maana dawa ya usingizi huenda ikaingia kwa sindano na sindano anaijua. Mwambieni itachoma kidogo kisha itakwisha. Na hakikisheni anasikia kwamba hakuna alilokosa, si soda, si chira, si nyumba iliyojengwa kabla ya nyumba ya Omanga. Kama ni lazima mtu aone haya juu ya nyumba hiyo, aone Omanga, ambaye mpaka leo hajajenga.

Mwacheni achague kitu. Mtoto asiyeweza kuchagua kama kamera itapita anaweza kuchagua ni kikombe gani, ni mrija wa rangi gani, na nani ambebe. Suti ya Krismasi ibebwe kwenye mfuko. Hospitalini atapewa joho lililo wazi nyuma, na suti ataivaa wakati wa kutoka, akapigwe picha ya kweli mlangoni pamoja na nyanya yake na kile kilemba. Hiyo picha mmemwahidi. Lipeni.

Na siku ya kwenda Mama Rael awe gari moja nanyi, kiti cha mbele. Daktari akiuliza kama mtoto amekula, ajibu yeye. Nataka yule kijana wa Pwani asikie mwenyewe, "Chakula hajala na kitu hajala."

Nimemaliza nyumba moja, bado kaunti mbili.

Ninyi wauguzi na madaktari wa Homa Bay na Migori, sista uliyempa Robi maagizo ukiwa wa kwanza: acheni kusema "asile chakula". Mmezaliwa hapa, au mmekaa hapa vya kutosha, na mnajua vizuri kwamba neno hilo lina ugali ndani yake na hakuna kitu kingine. Ukiangalia dari wakati nyanya anajieleza, maana yake ulijua. Kuanzia Jumatatu taja nyoyo, taja kiazi, taja mkia wa samaki, na usimwachilie mzazi atoke mlangoni kabla hajakurudishia maagizo, pamoja na yeyote atakayebaki nyumbani na mtoto.

Na wewe, Mzee Javan wa Magunga, una wajukuu, uliniandikia mwenyewe kwamba wamekujia kwa likizo. Jioni ya leo maliza chai yako, chukua tochi, uende nyuma ya nyumba uangalie walichoacha. Ukiona damu, wapeleke hospitali kesho asubuhi. Usipoona, niandikie ulichokiona, kwa urefu na bila heshima. Barua hiyo nitaichapisha.